Zamu ya Stefka

“Mama, mbona hatuendi?” mtahini aliuliza.

Stefka Hnatiuk hakumsikia vizuri, maana alikuwa katika shughuli. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka juu ya usukani, vidole vikipunga taratibu, vikimwomba mzee Fedor Lesiuk apite kwanza. Mzee Fedor alikuwa upande wa pili wa njia panda, ndani ya pikapu lake la matope, naye alikuwa amevua kofia akiipunga dirishani: hapana, pita wewe, mama. Kutoka kulia akafika yule dada wa posta, akasimama, akaona wenzake wanapungiana, akatoa mkono naye akawapungia wote wawili. Hivyo ndivyo watu wa Dolyna walivyokuwa wakipita hapo tangu walipowekewa vibao vinne vya kusimama. Ungeweza kukaa mpaka chai ipoe kwenye chupa, lakini hakuna aliyemtangulia mwenzake bila kuombwa mara mbili.

Ilikuwa Septemba, watu wanavuna, na makapi ya ngano yalikuwa yakitoka kwenye ghala refu la nafaka kando ya reli, yakielea juani, yakiteremka juu ya magari yale matatu polepole sana, kana kwamba yanazama majini. Stefka aliyatazama. Kwa kitambo alisahau kabisa kwamba yuko kwenye mtihani. Alijiona amekaa mahali pazuri, watu wake wamemzunguka, kila mmoja amemwinulia mkono.

“Nani alifika hapa wa kwanza?” mtahini aliuliza tena.

“Mimi.”

“Basi zamu ni ya nani?”

“Yangu. Lakini yule mzee mgongo unamsumbua.”

“Mgongo haumo kwenye sheria, mama.”

Mtahini aliitwa Bwana Penner, kijana mwenye shingo ndefu, aliyekuja kutoka jiji la Saskatoon na meza yake ya kukunja. Hakuwa mtu mbaya. Waliporudi mbele ya ukumbi wa kanisa alizima redio iliyokuwa imezimwa tayari, kisha akamgeukia.

“Umeegesha vizuri kuliko vijana wote niliowapima leo,” alisema. “Breki zako laini, kioo unakitazama. Lakini ukimpisha mtu wakati zamu ni yako, na yeye akakupisha, siku moja mtachoka kupishana mwingie wote kwa pamoja. Nimeshawahi kuona. Siwezi kukupa leseni.”

“Kwa hiyo nimefeli kwa sababu ya adabu?”

Bwana Penner alifikiri. “Ndiyo, mama,” alisema. “Nadhani ndivyo.”

*

Metro, mume wa Stefka, alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi pamoja na jirani yao, Pauline Wasyliw. Macho ya Metro yalikuwa yameliwa katikati. Alikuwa bado anaona kandokando, majani yanayotikisika, mtu anayepita pembeni, lakini kila alichokikodolea macho kiligeuka moshi. Daktari alimnyang’anya leseni tangu masika. Kwa hiyo hakuuona uso wa mkewe alipotoka garini. Alisikia tu jinsi mlango ulivyofungwa.

“Ah,” alisema Metro.

“Njia panda,” alisema Stefka.

“Ulimpisha nani?”

“Fedor.”

“Fedor!” Pauline alisimama akajipiga mapaja. “Bibie, Fedor Lesiuk hana pa kwenda tangu alipostaafu! Angekaa pale mpaka Krismasi, raha tupu kwake!”

Wakaenda mkahawani kunywa kahawa, maana kurudi nyumbani moja kwa moja kungekuwa kama kukiri jambo. Habari zilikuwa zimeshawatangulia. Mwenye mkahawa, mama mnene aliyekuwa amesoma darasa moja na binti yao, alimletea Stefka kipande cha keki ambacho hakukiagiza, akamshika bega jinsi mtu anavyomshika mfiwa. Halafu akamgeukia Pauline, akashusha sauti.

“Na yeye atakunywa nini? Anaweza kushika kikombe cha moto?”

“Yeye,” alisema Metro, “atakunywa kahawa. Na masikio yake hayajaharibika.”

Mama wa watu akaona haya, akaondoka. Metro akanyoosha mkono kutafuta sukari, akakuta chumvi, na Stefka, bila kusema neno, akasogeza kopo la sukari hadi likamgusa vidole. Alikuwa akifanya vitu kama hivyo mchana kutwa, na Metro alikuwa akijifanya hajui kwamba vinafanywa.

*

Binti yao Larysa alipiga simu jioni, kabla hawajanawa mikono.

“Mama, tulikubaliana,” alisema.

“Tulikubaliana kabla ya theluji. Theluji imeanguka huko kwenu? Huku bado.”

“Atarudi lini huyo mtahini?”

“Mara moja tu, mwezi ujao. Baada ya hapo ni mpaka masika.”

Larysa alikuwa muuguzi, na alijua kusema polepole. “Mama, sikutishi. Lakini mimi ndiye niliyepigiwa simu ile siku. Baba alikaa mtaroni na gari lake mpaka masikio yakawa meupe kwa baridi, na ninyi mkasema ni barafu, kumbe hakuiona kona. Usipopata leseni mwezi ujao, nyumba tunaiuza. Kile chumba karibu na kwangu bado kipo. Ghorofa ya tatu, kuna lifti. Hutahitaji kuendesha chochote.”

“Na kuku?”

“Mama.”

“Nauliza tu. Na kuku nao wapande lifti?”

Alipokata simu alikuta Metro amesimama mlangoni, mkono juu ya fremu, akiipapasa kama mtu anayempapasa ng’ombe. Nyumba hiyo aliijenga baba yake. Ilikuwa peke yake nje ya mji, kando ya barabara ya changarawe, na huko hapakuwa na basi wala teksi. Kanisa, duka, daktari, makaburi ya wazazi, vyote vilikuwa ng’ambo ya ile njia panda. Majira yote ya joto walikuwa wameishi kwa kuomba kubebwa. Stefka alikaa kiti cha nyuma cha gari la huyu na la yule, sahani ya pirohi, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, mapajani kama nauli, akichekea mizaha ambayo hakuisikia vizuri.

“Chumba kina dirisha?” Metro aliuliza.

“Hakijakuwa chetu bado,” alisema Stefka. “Njoo ule.”

*

Kwa kuwa Metro hakuwa na leseni, sheria haikumruhusu kumfundisha mkewe barabarani. Lakini shamba si barabara. Walikuwa wamelikodisha kwa jirani, naye alikuwa amekwisha kuvuna, kwa hiyo kila asubuhi waliingia na gari lao la kahawia kwenye mabua makavu na kuzunguka, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Metro alikaa kando yake, kichwa amekiinamisha, akisikiliza.

“Umewasha indiketa?”

“Nimewasha.”

“Sijaisikia.”

“Ninapiga kona shambani, Metro. Namwonyesha nani?”

“Mwonyeshe panya. Nao wana mambo yao.”

Akawasha. Tik, tik, tik, ikalia kwenye ukungu, na wakakata kona pana polepole, mabua yakipasuka chini ya magurudumu kama moto mdogo wa jikoni. Mabata bukini walipita juu wakienda kusini, hawaonekani, sauti tu, na Stefka akahisi kana kwamba gari limenyanyuka kidogo nalo. Huku shambani aliendesha vizuri sana. Hakukuwa na mtu wa kumpisha.

Siku moja, akila, Metro aliweka uma chini.

“Kaa,” alisema.

“Nakuja. Naipua pirohi zilizobaki.”

“Nimekusikia. Umesimama nyuma yangu tangu nilipoanza kula. Mama Larysa, nikuulize kitu. Wewe ukipika pirohi, ya kwanza kutoka sufuriani anakula nani?”

“Ya kwanza hupasuka. Nampa mbwa.”

“Mbwa! Na ya pili?”

“Wewe. Halafu mgeni akiwepo, halafu watoto walipokuwa hapa.”

“Na yako?”

“Iliyobaki.”

Metro alipapasa ukingo wa sahani yake. Miaka yote hiyo alikuwa akila mgongo wake ukielekea jiko, na aliyejua nani anakula lini ni mbwa.

“Basi haya ndiyo yaliyotufelisha,” alisema hatimaye. “Si Fedor. Hebu lete sahani yako hapa. Chukua wewe kwanza. Chukua, nasikiliza.”

Stefka alicheka, akachukua moja kwa ncha ya uma, akaiweka sahani yake. Ilikuwa ya moto, siagi inatiririka. Akashindwa kuila. Alikaa nayo mbele yake kama mtu aliyepewa kiti cha mwenye nyumba, akahisi uso wake unawaka, na alipoona Metro ameanza kutafuna ndipo naye akatia mdomoni.

“Umenisubiri,” alisema Metro.

“Sikukusubiri. Ilikuwa ya moto.”

Mchana huo alisinzia kwenye kiti kando ya dirisha, kazi ya kushona mapajani, na akaota anaendesha gari ndani ya jiko lake mwenyewe. Jiko lilikuwa refu kama barabara. Kando yake walisimama watu wote aliowajua, walio hai na waliokufa, mama mkwe wake na kitambaa chake cha maua, kasisi wa zamani, watoto wa Larysa, kila mmoja ana sahani mkononi, na kila mmoja akamwambia: pita, Stefka, pita wewe. Akasema: hapana, tangulieni. Hakuna aliyesogea. Theluji ikaanza kuanguka kutoka darini, laini, bila baridi, ikajaa kwenye sahani zao na kwenye usukani na juu ya mikono yake, na ilikuwa ni amani kubwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefika kokote.

Alipoamka alivaa koti akaenda kwa Pauline kwa miguu.

“Nifundishe kutopisha,” alisema.

*

Pauline Wasyliw alikuwa mjane aliyeendesha lori la nafaka tangu ujana wake, na alikuwa na sauti ya kuitia watu ng’ambo ya shamba. Kazi hiyo aliipokea kwa furaha. Alimkabidhi Stefka usukani, akakaa kando yake, na wakaenda njia panda kila siku baada ya saa za shule, magari yanapokuwa mengi kidogo.

“Haya. Yule pale ni nani?”

“Dada wa posta.”

“Si dada wa posta! Ni gari jeupe. Limefika kabla yako au baada yako?”

“Baada.”

“Basi nenda. Nenda, bibie! Mkono huo unapanda kwenda wapi? Teremsha! Nitaufunga kwa kamba ya nguruwe!”

“Anatabasamu.”

“Mwache atabasamu! Meno ni yake!”

Stefka akaenda, macho ameyafumba nusu, mabega yamepanda hadi masikioni, na alipofika ng’ambo alisimamisha gari kando akashika kifua. Alijisikia kama mtu aliyeingia mlango wa kanisa mbele ya jeneza.

“Mbona sikufa,” alisema.

“Hakuna aliyekufa. Zunguka. Tena.”

Wakazunguka. Siku iliyofuata Pauline alishuka, akachukua gari lake mwenyewe, akamweka Metro karibu na kibao kama mwamuzi, kwa ajili ya masikio yake, na mdogo wa dada wa posta, aliyekuwa na leseni, kando ya Stefka. Pauline akaja kutoka upande wa pili akimpungia Stefka kwa kila namna: kwa mkono, kwa leso, kwa kichwa. Kisha akateremsha kioo.

“Nikikupungia, unafanya nini?”

“Naenda!” Stefka alipiga kelele kutoka garini mwake.

“Nikivua kofia?”

“Naenda!”

“Nikilia machozi?”

Stefka alisita. “Nakuuliza umefiwa na nani.”

“Umefeli!” alisema Pauline, na Metro kwenye kibao akacheka mpaka akashika nguzo.

Mji mdogo hauna siri, na mambo hayo yote yalifanyika mbele ya dirisha la mkahawa. Kabla ya wiki kwisha kila mtu Dolyna alijua kwamba Stefka Hnatiuk hatakiwi kupishwa wala kupisha, na kwamba asipoweza, nyumba ya mzee Hnatiuk itauzwa. Watu wakaanza kumsaidia kwa namna yao. Walipoliona gari la kahawia njia panda waliangalia juu, wakatazama mawingu, wakachokonoa redio, ilimradi mkono usije ukapanda wenyewe. Mzee Fedor alikalia mikono yake yote miwili. Stefka aliwaona, akataka kulia kwa haya. Alikuwa amegeuka shughuli ya mji mzima.

Lakini akaanza kwenda. Siku ya kwanza akaenda akiomba msamaha kwa sauti ndani ya gari. Siku iliyofuata alienda akinong’ona. Halafu siku moja akaenda kimya, akapita mbele ya lori la maziwa lililomngoja, na akaona kwenye kioo kwamba dereva wa lori hakukasirika, hata kumtazama hakumtazama. Alikuwa anakula tofaa. Jambo hilo lilimshangaza Stefka kuliko chochote. Alilifikiria njiani hadi nyumbani.

*

Siku ya mtihani kulikuwa na ukungu mzito, mweupe, uliolala mjini kama shuka. Ghala la nafaka lilionekana kichwa tu, likielea. Metro walimwacha mkahawani na kahawa yake, Pauline akabaki kwenye ngazi za ukumbi, hatua chache kutoka njia panda, na Bwana Penner akaingia garini akiwa amejifunga shali.

“Karibu tena, mama,” alisema.

“Asante. Kuna baridi.”

“Theluji inakuja. Wamesema Jumapili.”

Stefka aliegesha. Alirudi nyuma. Alipita shuleni mwendo wa konokono. Vyote vilikwenda kama vinafanywa na mtu mwingine, mwanamke mtulivu aliyevaa koti lake. Kisha wakakunja kuelekea njia panda, na Bwana Penner akainua shingo yake ndefu akatazama huku na huku.

“Leo kuna msiba hapa?” aliuliza.

“Hapana.”

“Mbona wamesimama vile?”

Stefka naye akawaona. Mbali kidogo katika ukungu, katika kila barabara ya njia panda, magari yalikuwa yamesimama kando. Mzee Fedor amefungua boneti ya pikapu na kuingiza kichwa ndani, na pikapu lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Dada wa posta alikuwa akifuta kioo kilichokuwa safi. Lori la nafaka lilikuwa limezima injini kabisa na dereva amefunikwa na gazeti. Mji mzima ulikuwa umekubaliana kutokaribia. Walikuwa wamemwachia njia panda iwe yake peke yake. Na ilikuwa kazi nzuri sana, ya upendo, na ingefaulu, kama si mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake amemwambia.

Metro hakuweza kukaa na kahawa. Alitaka kumsikia mkewe akipita. Alikuwa ametoka kwa kupapasa ukuta wa mkahawa hadi pembeni, akasimama pale mwisho wa njia ya miguu, mguu mmoja umeshateremka barabarani bila yeye kujua, kichwa ameinamisha. Alisikia gari linakuja. Alilijua kwa mkanda wa injini, uliokuwa ukilia kama panya. Akalisikia linasimama kwenye kibao, vizuri, bila kushtuka. Sasa nenda, alisema moyoni.

Gari halikwenda.

Lisingeweza kwenda. Mtu alikuwa ukingoni na mguu barabarani, na aliye kwa miguu hutangulia. Hilo Stefka alilijua hata usingizini. Alingoja. Metro naye alingoja. Alipoona kimya kinazidi, akadhani ni yale yale: Fedor yuko upande wa pili, na mama Larysa ameinua mkono. Akanyanyua mkono wake juu kabisa na kupunga kwa nguvu: nenda! Nenda!

Kalamu ya Bwana Penner ilisimama juu ya karatasi.

Stefka alimtazama mumewe akipunga katika ukungu. Alionekana mdogo, koti limemzidi. Jinsi alivyopunga, ndivyo yeye Stefka alivyokuwa akipunga maisha yake yote, na sasa kwa mara ya kwanza aliona jinsi mkono huo unavyomzuia mtu. Akienda, amefeli. Asipokwenda, amefeli. Akateremsha kioo.

“Metro! Vuka!”

Metro akageuza kichwa. “Siendi kokote mimi!”

“Nimesema vuka!”

“Kahawa yangu iko huku!”

“Vuka, mzee! Ni zamu yako!”

Nyuma ya boneti, kichwa cha Fedor kilichomoza. Gazeti la dereva wa lori likashuka. Metro, polepole, akaushusha mkono. Alielewa. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichokunjwa. Ilikuwa fimbo nyeupe. Larysa alimletea wakati wa Pasaka, na watu wa Dolyna hawakuwa wameiona hata siku moja, kwa sababu mjini alitembea kwa kumshika mkewe kiwiko, kama bwana anayemsindikiza bibi. Aliitikisa. Ikafunguka, ta, ta, ta, ikawa ndefu, nyeupe kuliko ukungu. Pauline kule ngazini akaziba mdomo kwa kiganja.

Akavuka. Fimbo ilipapasa lami mbele yake kushoto na kulia. Hakuna injini iliyonguruma. Katikati ya barabara, mbele kabisa ya gari la kahawia, akasimama, na kwa mazoea ya mtu aliyelelewa Dolyna akavua kofia akaliinamia gari. Stefka alikaza mikono yote miwili kwenye usukani. Haikupanda. Metro akavaa kofia, akaendelea, akafika ng’ambo, akaigusa nguzo ya kibao, akaishika.

Stefka akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaenda.

Mtaa mmoja mbele, Bwana Penner akamgeukia.

“Unamfahamu yule?”

“Kidogo,” alisema Stefka.

*

“Umepoteza alama kwa kupiga kelele dirishani,” alisema Bwana Penner kwenye meza yake ya kukunja.

“Nyingi?”

“Si nyingi.” Akaigonga karatasi muhuri, akampa. Kadi yenye picha ingekuja kwa posta. Kwa sasa karatasi hiyo ilitosha. Stefka aliishika kwa ncha za vidole kama mkate uliotoka tanuri.

Pauline alimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikateleza. Alipofunguliwa mlango wa gari akakataa.

“Mimi natembea. Nina mambo ya kusimulia leo, nikipanda nitawapita watu. Kamchukue mumeo, bado yuko upande usio wake.”

Kweli, hakuna aliyemrudisha. Metro alikuwa bado ng’ambo ya njia panda, ameegemea nguzo, fimbo mkononi, akisalimiwa na kila mtu na kumjibu kila mtu. Stefka alisimamisha gari kando yake, akainama akamfungulia mlango.

“Teksi?” alisema Metro.

“Panda, mzee.”

Alikaa, akautafuta mkanda, akajifunga. Hakuuliza amefaulu au vipi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu; hapakuwa na mtu wa kumsimamia mkewe ndani ya gari, na hilo lilimtosha. Wakatoka mjini. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na vipande vya jua vilitembea juu ya mashamba, vikiwasha bua hapa na bua pale, vikizima. Barabara ya changarawe ikaanza kunguruma chini yao. Pale penye sanduku lao la barua, Metro aliinua kidole.

“Hapa ndipo pa kukunja.”

“Najua,” alisema Stefka, na hakukunja.

Nyumba ikapita, kuku wakapita, ikawa nyuma. Metro alishika mpini wa mlango, halafu akauachia. Akajiegemeza. Walikwenda muda mrefu, na barabara ilikuwa yao yote, imenyooka, ikiingia kwenye mwanga na kutoka.

“Akina Kowalchuk wameshavuna kitani chao?” aliuliza.

Stefka alitazama. Miaka yote alipopita huku, alipita na sufuria mapajani, akilinda isimwagike, na hakuwahi kujua shamba la Kowalchuk linaanzia wapi.

“Wamebakiza kipande,” alisema. “Upande wa kisima. Kimelala safu safu, kina umande. Na mabata bukini wamejaa, wanakula vilivyoanguka.”

Metro alikuwa amekwisha kusikia chini ya magurudumu daraja la mbao lililo baada ya shamba hilo. Kwa Kowalchuk walikupita zamani. Hakusema.

“Na baada ya hapo?” aliuliza. “Kuna nini?”

“Ngoja nifike,” alisema Stefka.